Akigongwa na nyoka pembeni ya msitu wa Kahuzi: namna ya kumfikisha hospitali

Mimi ni muuguzi, miaka 14 sasa, upande wa Miti, mashariki ya Kongo (DRC), pale barabara ya kutoka Bukavu inapogawanyika na mkono mmoja kupanda Tshivanga, mlangoni mwa mbuga ya Kahuzi-Biega. Wanaogongwa na nyoka ninaowapokea si wawindaji. Ni watoto wanaokatia majani dende (wengine huwaita simbilisi), na wamama wanaorudi jioni na kuni.

Wakifika, ndugu hunionyesha simu kwanza. Kuna picha ya nyoka wa pete nyekundu, njano na nyeusi. "Ni huyu, mama?" Hapana. Huyo ni nyoka wa marijani, jamii ya Micrurus, kwao ni Amerika. Mwenye pete wa huku ni Elapsoidea: mdogo, hutembea usiku, hujificha chini ya udongo na majani yaliyooza. Utotoni pete zake huonekana vizuri, akikua zinafifia. Ni wa ukoo mmoja na fira. Lakini muda mnaoupoteza kutafuta picha ni muda wa mgonjwa. Msimfukuze nyoka wala msimlete mkononi; hata kichwa kilichokatwa huweza kugonga.

Anayenitia hofu zaidi ni yule wa kijani na nyeusi wa vichakani, Atheris nitschei, anayeishi katika milima yetu ya Kivu na ya Rwanda, Burundi na Uganda. Nilimwona kwa karibu mara moja tu, kwenye ua wa jirani. Alikuwa mfupi, kama mkono wangu toka bega hadi kiganja, kichwa kipana, magamba yake makavu yenye kukwaruza kama ganda la nanasi, mkia umejifunga kwenye kijiti kama wa kinyonga. Nilikuwa nimeshamtazama mara mbili bila kumwona. Kwa kuwa hukaa juu ya majani, hugonga vidole na mikono. Basi kabla ya kushika majani, yapige kwa kijiti kirefu, na usitie mkono mahali ambapo jicho halijafika.

Mtoto wa dada yangu alikuwa na miaka 11. Aligongwa kidole saa kumi na moja jioni. Watu wakamfunga kifundo cha mkono kwa mpira wa baiskeli, wakamchanja kwa wembe, wakabandika jiwe jeusi. Alinifikia saa tatu usiku, mkono umekuwa wa bluu, na yale machanjo bado yanatoa damu nyepesi kama maji ya maharage. Kidole kilikatwa. Sumu ilifanya yake, lakini mpira na wembe navyo vilifanya yao.

Sumu ya jamii ya Atheris huzuia damu kuganda. Ukimchanja mtu wa namna hiyo umemfungulia mlango ambao hautafungika. Na jiwe jeusi ni mfupa uliochomwa, halivuti sumu. Nyoka akigonga bila kumwaga sumu, mtu hupona hata angebandikiwa kigae, na sifa inaenda kwa jiwe.

Fanya hivi. Mkalishe, ongea naye taratibu, asitembee. Vua pete, bangili na saa mara moja, kabla mkono haujavimba. Angalia saa ngapi, uandike. Chukua kalamu, chora mstari kwenye ngozi pale uvimbe ulipofika, na saa pembeni yake, rudia njiani. Huo mstari unanisaidia kuliko maelezo marefu. Weka vijiti viwili vilivyonyooka kando ya mkono, uzungushe kitenge, kidole chako kiweze kupita chini yake. Kama mtu alishafunga mpira, msiukate ghafla njiani. Kimbieni nao, ufunguliwe mbele ya muuguzi au daktari. Maumivu yakizidi, paracetamol inatosha. Aspirini na ibuprofen hapana, na asichomwe sindano yoyote ya makalio.

Usiku kwa kawaida mnakuja na motari, mwendesha pikipiki. Mgonjwa akae katikati, mtu mzima nyuma amkumbatie. Kope zikianza kulegea na kushuka juu ya macho, au mate yakimshinda kumeza, hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu, kama ya fira. Hapo asipewe maji wala chai. Tafuteni gari, alale ubavu, mtu aangalie pumzi yake safari nzima.

Kabla ya kuondoka, pigeni simu hospitali. Msiulize seramu tu, yaani dawa ya kupinga sumu ya nyoka. Hakuna seramu iliyotengenezwa kwa ajili ya Atheris, na zile za nyoka wengine wa Afrika hazina uhakika kwake. Ulizeni na hili: mna damu ya kuongeza? Jibu likiwa hapana, pigeni kwingine mapema.

Mkifika, kuna kipimo kisichohitaji umeme wala mashine. Mililita 2 za damu ya mshipa huwekwa kwenye kichupa cha kioo, kipya na kikavu, kisichooshwa kwa sabuni, halafu hakiguswi dakika 20. Kisha kinainamishwa mara moja. Damu ikibaki imeganda, vizuri. Ikimwagika kama maji, sumu iko kazini. Cha plastiki kinadanganya. Kipimo kikiwa kizuri mara ya kwanza, ombeni kwa heshima kirudiwe baada ya saa 6, maana nimeona damu iliyoganda jioni ikawa maji alfajiri.

Yule mtoto sasa ana miaka 16, na bado ndiye anayekatia dende majani. Ana mwanzi wake mrefu kumpita, anauchomeka kwenye paa la jikoni. Hupiga kichaka mara tatu, anasubiri kidogo, ndipo anainama.