Namna ya Kutambua Mtikisiko wa Rolakosta Kabla ya Kuketi

Yeyote aliyewahi kusafiri kwa basi kwenye barabara ya vumbi anakijua kiti cha juu ya tairi. Abiria wa katikati anaweza hata kusinzia, ilhali mwenzake aliyeketi juu ya tairi la nyuma hurushwa kila gari linapoingia shimoni, na wakishuka watu hao wawili husimulia safari mbili tofauti ingawa walipanda gari moja. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwenye rolakosta, ile treni ya burudani inayovutwa hadi kileleni kisha ikaachiwa iteremke kwa uzito wake kwenye reli zilizopindapinda. Mwongozo huu ni kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi au kutembelea Marekani, Ulaya na nchi za Ghuba, ambako bustani za michezo hiyo ni nyingi. Nauandika kwa sababu mara yangu ya kwanza, kwenye rolakosta ya mbao, niliketi safu ya mwisho bila kumwuliza mtu, na kwa siku mbili baadaye sikuweza kugeuza kichwa pasipo kugeuza mwili mzima. Kiti kingine katika treni ileile kingeniepusha na maumivu hayo.

Jambo la kwanza ni kutenganisha vitu viwili ambavyo watu huvichanganya, yaani nguvu na mtikisiko. Nguvu ni ule uzito unaokulemea treni inapofika chini ya mteremko, au ule wepesi unaokuinua kitini inapovuka kilele. Mtikisiko ni mapigo mafupi yanayokuja bila taarifa: goti kugonga ubavu wa behewa, sikio kugonga kizuizi kinachomshikilia mpandaji kitini, meno kugongana. Aliyevuka bahari kwa mashua kati ya Unguja na Pemba anaifahamu tofauti hiyo, kwa kuwa wimbi kubwa lenye mgongo mrefu hukipandisha chombo na kukishusha pasipo kumdhuru mtu, ilhali viwimbi vifupi vinavyogonga ubavuni humchosha abiria kabla hajafika nusu ya njia. Wahandisi wa rolakosta nao hawaangalii ukubwa wa nguvu peke yake, bali pia namna nguvu hiyo inavyobadilika kwa haraka au polepole, maana mwili hustahimili mzigo mkubwa unaoongezeka kidogo kidogo, lakini shingo huumizwa hata na mzigo mdogo unaoishtukiza. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba rolakosta fulani ni kali, mwulize alilemewa au aligongwa. Kuna treni ndefu na zenye kasi kubwa zinazoteleza kama siagi, na kuna nyingine fupi, za watoto kwa sura, zinazogonga vibaya.

Baada ya hapo, tafuta mwaka ambao rolakosta ilijengwa na kampuni iliyoijenga. Habari hizo zinapatikana bure kwenye intaneti, katika hifadhidata ya RCDB, ambayo huorodhesha rolakosta za dunia nzima. Mwaka una maana kubwa kwa sababu hesabu za kupinda reli zimebadilika sana. Mwaka 1895, huko Coney Island mjini New York, ilijengwa Flip Flap Railway, ambayo ilimpindua mpandaji kichwa chini katika kitanzi cha duara kamili. Kosa lilikuwa katika duara lenyewe, kwa kuwa treni iliyokuwa ikienda kwenye reli iliyonyooka iliingia ghafla kwenye mpindo mkali, mzigo wote ukamwangukia mpandaji kwa mara moja, na chombo hicho kikapata sifa ya kuumiza shingo. Ufumbuzi uliodumu ulikuja mwaka 1976, pale rolakosta ya Revolution ilipofunguliwa katika bustani ya Magic Mountain, California, kazi ya mjenzi Anton Schwarzkopf na mhandisi Werner Stengel, wote Wajerumani. Kitanzi chao kina umbo la tone la maji, pana chini na jembamba juu, hivyo mpindo hukaza kidogo kidogo na mwili hupata nafasi ya kuupokea.

Stengel anakumbukwa pia kwa wazo jingine ambalo kwa maoni yangu limeokoa shingo nyingi zaidi. Zamani, reli ilipohitaji kulala upande, ilizungushwa kana kwamba mhimili wa mzunguko upo kwenye reli yenyewe, na kwa kuwa kichwa cha mpandaji kiko juu zaidi ya reli, kilirushwa kutoka upande mmoja hadi mwingine kama ncha ya fimbo. Katika ubunifu mpya, reli huzunguka kuufuata moyo wa mpandaji, kifua kikabaki karibu palepale na reli ndiyo ikahama. Rolakosta nyingi za chuma za miaka ya 1970 na 1980 hazikujengwa kwa hesabu hiyo, na ndiyo sababu hugonga hasa pale mpindo mmoja unapopokezana na mwingine. Ukiona kwamba rolakosta ya chuma ni ya miaka hiyo na ina vizuizi vigumu vinavyoshuka mabegani, jiandae. Ukiona imejengwa na Bolliger & Mabillard, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa mwaka 1988, kwa kawaida unaweza kumpandisha hata mgeni asiyejua lolote, mradi haogopi urefu.

Mbao zina tabia zake. Reli ya rolakosta ya mbao ni rundo la mbao zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, na juu yake umewekwa ukanda mwembamba wa chuma ambao magurudumu hupita. Mbao hunywa maji, hukauka, hujikunja na kubonyea pale ambapo treni hukandamiza kila siku, yaani mabondeni na kwenye kona. Kwa sababu hiyo mafundi hubomoa vipande vya reli na kuvijenga upya, mara nyingi wakati wa baridi bustani zikiwa zimefungwa, na rolakosta iliyokuwa mbaya mwaka jana inaweza kuwa nzuri mwaka huu. Soma maoni ya watu waliopanda msimu huuhuu, si ya miaka mitano iliyopita. Hata chombo kilichosifiwa kwa ulaini hakina kinga ya kudumu. El Toro ya Six Flags Great Adventure huko New Jersey, iliyofunguliwa mwaka 2006, ilitengenezwa kwa mbao zilizogundishwa na kukatwa kiwandani kwa vipimo vya karibu sana, ikapendwa kwa kuteleza kwake, lakini mwezi Agosti 2022 watu 14 waliumia ndani yake, wakaguzi wakakuta muundo umeharibika, na haikufunguliwa tena hadi mwaka 2023.

Usihukumu kwa sura ya mbao peke yake, maana siku hizi inadanganya. Huko Cedar Point, katika jimbo la Ohio, ilikuwapo Mean Streak, rolakosta ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1991 na kulalamikiwa kwa kutikisa hadi ilipofungwa mwaka 2016. Kampuni ya Rocky Mountain Construction ya Idaho iliacha sehemu kubwa ya nguzo za mbao, ikaondoa reli ya mbao na kuweka ya chuma, na mwaka 2018 ikafunguliwa Steel Vengeance, yenye urefu wa mita 62 kwenda juu na kasi ya kilomita 119 kwa saa. Ni ndefu na ya kasi kuliko ile ya zamani, na bado haigongi kama ile. Kampuni hiyo ilianza kazi ya aina hiyo mwaka 2011 kwa New Texas Giant huko Arlington, Texas. Hivyo tazama reli: ukiona ukanda wa chuma uliolala juu ya tabaka za mbao, hiyo ni ya mbao kwelikweli, ukiona boriti nene ya chuma iliyopakwa rangi juu ya nguzo za mbao, umekutana na chombo cha aina nyingine kabisa.

Kabla ya kupanga foleni, simama dakika kumi karibu na uzio, mahali ambapo treni hupita kwa kasi chini ya mteremko au kwenye kona, na utazame vichwa vya wapandaji. Hakuna kipimo bora kuliko hicho. Vichwa vikiinama na kuinuka vyote pamoja, taratibu, hiyo ni nguvu. Vikitetemeka kila kimoja kwa namna yake, au vikirushwa kulia na kushoto, huo ni mtikisiko, na wewe utaupata vilevile. Tazama magurudumu pia. Behewa lina magurudumu ya aina tatu: yanayobeba uzito juu ya reli, yanayoshika ubavuni, na yaliyo chini ya reli ili treni isichomoke. Nafasi kati ya magurudumu ya ubavuni na reli ikiwa kubwa, behewa huyumba na kugonga upande huu na ule, na mlio wake husikika waziwazi. Magurudumu mengi ya rolakosta za chuma yamevishwa plastiki ya poliyurethani, ambayo hunyonya sehemu ya mtetemo, na mengine nailoni, ambayo ni ngumu zaidi, huteleza kwa kasi zaidi na hupeleka mtetemo mwingi kwa mpandaji.

Sasa tufike kwenye kiti, ambacho ndicho kilicho mikononi mwako. Treni ikivuka kilele, behewa la nyuma huwa bado linapanda wakati la mbele limeshaanza kushuka, hivyo waliokaa nyuma huvutwa kwa nguvu na kurushwa juu ya kilele. Wanaopenda msisimko hupasubiri nyuma kwa sababu hiyo. Waliokaa mbele hupata upepo na mandhari, na mvuto wao ni mdogo. Katikati ndipo penye utulivu zaidi. Ushahidi kwamba nyuma na mbele hazilingani umetoka mahali ambapo wengi hawakupatarajia: mwaka 2016 madaktari Marc Mitchell na David Wartinger walichapisha utafiti ambamo kielelezo cha figo, chenye mawe halisi ya figo, kilipandishwa kwenye Big Thunder Mountain, rolakosta ya bustani ya Walt Disney World. Katika viti vya nyuma mawe 23 kati ya 36 yalisogea na kutoka, na katika viti vya mbele yalitoka 4 tu kati ya 24. Treni ni ileile na reli ni ileile.

Ndani ya kila behewa pia kuna kiti chake cha juu ya tairi. Rolakosta nyingi za mbao za Marekani hutumia mabehewa ya Philadelphia Toboggan Coasters, na yale yenye benchi tatu hubebwa na magurudumu ya mbele na ya nyuma, hivyo benchi ya kwanza na ya tatu huwa karibu na magurudumu na ile ya kati ikawa baina yake. Ukihesabu kutoka mbele, safu ya 2, ya 5, ya 8 na kuendelea ndizo zenye nafuu. Hata aliyelazimika kukaa nyuma anaweza kuchagua benchi ya kati ya behewa la nyuma, akapata msisimko na kupunguziwa mapigo. Wahudumu wengi hukuruhusu kusubiri safu unayoitaka ukiomba kwa adabu, hasa foleni ikiwa fupi.

Saa nayo ina uzito wake. Asubuhi magurudumu na grisi bado ni baridi na treni huenda taratibu, na kadiri siku inavyopata joto treni hukimbia zaidi. Kwa rolakosta ya mbao iliyochoka, saa ya kwanza baada ya bustani kufunguliwa ndiyo ya kuichagua.

Ukishaketi, sukuma kiuno hadi kiguse mgongo wa kiti, kisha shusha kizuizi kikukae sawasawa bila kuacha pengo, kwa sababu mwili uliolegea hurushwa kwanza ndipo ukagongwa. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili ili miguu ibebe sehemu ya mapigo badala ya uti wa mgongo kuyapokea yote. Tazama reli iliyo mbele yako, kwa kuwa misuli ya shingo hujiandaa kwa kona inayoonekana. Kichwa kiegemee kwenye kiti, isipokuwa kwenye zile za zamani zenye vizuizi vya mabegani vinavyogonga masikio. Hapo wapandaji wazoefu husogeza kichwa mbele kidogo ili masikio yapite vizuizi, huku mgongo ukibaki kitini. Vua hereni kabla ya kupanda. Na usiiname kamwe kutazama miguu treni inapofika bondeni, maana kichwa huwa kizito ghafla na shingo iliyoinama haiwezi kukiinua.

Walio Falme za Kiarabu wanaweza kukutana na ugumu wa aina nyingine kwenye Formula Rossa ya Ferrari World, Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010 na inayofikia kilomita 240 kwa saa. Hapo kinachokupiga ni upepo, vumbi na wadudu, na ndiyo maana wapandaji hupewa miwani ya kukinga macho.

Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na mwenye maradhi ya shingo au mgongo wasipande, hata kama treni ni laini kiasi gani, na urefu wa mtoto uliotajwa mlangoni usibishaniwe, kwa sababu kizuizi kimepimwa kwa mwili wa ukubwa fulani. Baada ya kushuka, andika safu uliyokaa na saa uliyopanda, ili siku ukirudi na wageni ujue pa kuwaketisha. Shingo ikikaza kidogo, pumzika kabla ya kupanda nyingine; kichwa kikiuma bila kupoa, ukitapika, au mkono ukifa ganzi, usisubiri kesho, nenda kwa daktari siku hiyohiyo na umwambie kwamba ulipanda rolakosta.