Mtihani wa "huwezi kufeli" ulionipotezea mihula miwili

Barua pepe ya chuo, hapa Marekani, ilikuwa fupi. Nifike Alhamisi kufanya mtihani wa kupangiwa darasa, nije na kitambulisho, na nisiwe na wasiwasi kwa sababu huu si mtihani wa kufaulu wala kufeli. Mimi niliyelelewa na pepa za NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, matokeo yanabandikwa ukutani na mtaa mzima unajua una divisheni ngapi, nilisikia kitu kimoja tu hapo: hakuna kufeli. Basi nikaenda zangu kubeba boksi usiku kucha, asubuhi nikaingia chumba cha mtihani na macho mekundu, dakika ishirini na kitu nikawa nimemaliza. Nikarudi kulala.

Usingizi ule ulinigharimu mihula miwili.

Haya nawaandikia mliofika Marekani karibuni, kwa bahati nasibu ya viza, kwa kumfuata mwenza au kwa ukimbizi, mnaotaka kuanza chuo cha jamii (community college) mkiwa watu wazima wenye kazi na watoto. Taratibu zenyewe hazina mambo mengi: jaza fomu ya kujiunga, jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kama una haki nao, peleka vyeti vya nyumbani vikatathminiwe, weka miadi ya mtihani. Hayo utayamaliza kwa simu ukiwa kwenye basi. Kinachoumiza ni mtihani.

Vyuo vingi vinatumia ACCUPLACER, ya College Board, haohao wenye SAT, mtihani wa kuombea vyuo vikuu. Sehemu ya kusoma ina maswali 20, alama zinaanzia 200 hadi 300, na haina kikomo cha muda. Kompyuta inakupima huku unakwenda: ukipata, swali linalofuata linapanda; ukikosa, linashuka. Na ukishathibitisha jibu, hurudi nyuma. Narudia kwa sababu mimi nilisoma nikapita: hurudi nyuma. Sisi tumezoea kuruka swali gumu, kuanza na rahisi, halafu kurudi dakika za mwisho na dua. Hapa hakuna kuruka. Swali lililo mbele yako ndilo hilo, umalizane nalo.

Sasa hiyo "huwezi kufeli". Kweli hufeli. Unapangiwa. Kila chuo kina alama zake za mpaka, na ukiangukia chini yake unapelekwa kozi ya chini kabla hujagusa somo la Kiingereza la chuo. Yangu iliitwa "Developmental Reading". Nilipoona "developmental" kichwa kikaleta "maendeleo" moja kwa moja, nikapiga simu nyumbani kuwaambia nimeingia kozi ya maendeleo. Mama akashukuru Mungu. Shangazi akatangaza kwenye kikundi cha familia, watu wakatuma mikono ya kupiga makofi. Wiki ya tatu darasani ndipo jirani yangu wa dawati, dada mmoja wa Haiti, akaniuliza kama najua kwamba kozi ile haihesabiki kwenye digrii. Sikujua. Ni kozi ya waliobaki nyuma, imepewa jina la kupendeza.

Ada nililipa kama kozi yoyote. Wanaopata Pell Grant, msaada wa serikali kuu usiorudishwa kwa wanafunzi wa kipato kidogo, huambiana "serikali inalipa, tatizo liko wapi?" Tatizo ni kwamba Pell ina ukomo wa maisha, sawa na mihula 12 ya masomo ya muda wote, na kinacholipia kozi za chini kinatoka kwenye kapu hilohilo. Tena krediti, yaani vipimo vya uzito wa kozi, za kozi hizo zinazoweza kulipiwa na msaada wa serikali kuu zina mpaka wake, 30 kwa wanaosoma kwa mihula. Ukitumia mwaka mzima kujifunza kusoma aya, huo mwaka utautafuta siku unahangaika kumalizia digrii.

Nimekaa nchi hii muda wa kutosha kuwa na neno juu ya lugha yao. Hawa watu hawapendi kukupa habari mbaya uso kwa uso. Wanaifunga kwenye pamba. Kazini kwetu kijana mmoja aliambiwa na msimamizi "we have to let you go", akafurahi, akadhani ameruhusiwa kwenda nyumbani mapema. Kesho yake akarudi na chakula chake cha mchana, kumbe amefukuzwa. Gari kuukuu ni "pre-owned". Mtihani unaoamua utapoteza mwaka au hutapoteza unaambiwa ufanye bila presha. Siwaiti waongo, kila neno walilosema lilikuwa kweli. Ila ukweli wao unatakiwa usomwe kwa uangalifu kuliko maneno ya mwalimu mkali aliyekuambia usoni kwamba utafeli. Yule mwalimu sasa nakiri alikuwa ananipenda.

Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha ufahamu nilichokosea hakikuwa cha mtihani. Kilikuwa ile barua pepe.

Na ndugu zetu, kwa heshima zote, mtusaidie kidogo. Binamu ananitumia faili la maneno elfu tano magumu ya Kiingereza nikariri. Mjomba anasema, "Kiingereza si unaongea kutwa huko, usome nini tena?" Mjomba wangu, Kiingereza ninachoongea kutwa ni cha "sogeza boksi hili" na "mapumziko saa ngapi". Mtu anaweza kukaa hapa miaka kumi, akachekesha wazungu kazini, na asielewe tahariri moja ya gazeti. Na hayo maneno elfu tano magumu, binamu, si yaliyoniangusha. Neno gumu linajitangaza. Ukiliona hulijui, unasimama, unatafuta maana kwenye sentensi zinazolizunguka. Linalokuua ni neno unalodhani unalijua, kwa sababu hapo husimami.

Chukua "table". Meza, darasa la tatu huko. Kwenye zoezi moja nilikuta sentensi kwamba kamati "tabled the proposal", na swali likauliza kamati ilifanya nini. Nikajibu bila kupepesa: iliwasilisha pendekezo lijadiliwe. Nani asiyejua kuwasilisha hati mezani, bungeni kwetu kila siku? Nikakosa. Kwa Mmarekani, kulifanya pendekezo hivyo ni kuliweka kando, kuliahirisha. Kwa Mwingereza, aliyetuachia Kiingereza chetu, ni kulileta lijadiliwe. Neno moja, maana mbili zinazopingana, na mimi nilikuwa nimebeba ya ng'ambo ya pili.

Yako mengi ya namna hiyo. "Novel" kwetu ni riwaya, lakini "a novel approach" ni njia mpya. "Address" ni anwani, lakini "to address a concern" ni kulishughulikia jambo. "Champion" ni bingwa wa kombe, lakini mtu anaweza "champion" hoja, yaani kuipigania. Baya kuliko yote kwangu ni "qualify". Sisi tunalijua kwa kufuzu. Mwandishi akisema mtafiti "qualified her claim", mwanafunzi wetu anaelewa dai limepita, limekubalika. Hapana. Mtafiti amelipunguza dai lake, ameliwekea masharti: ni kweli, lakini kwa hali fulani tu. Kifungu kizima kinageuka hapo na wewe umeshapita ukitabasamu.

Mtego wa pili unatokana na tulivyosomeshwa ufahamu. Shuleni jibu lilikuwa kifunguni. Unachukua maneno ya swali, unayatafuta kwenye habari, ukiyaona unanakili sentensi, alama mbili zako. Kwenye mitihani hii, chaguo lililobeba maneno yaleyale ya kifungu mara nyingi ndilo chambo. Jibu sahihi huwa limesema jambo lilelile kwa maneno mengine. Kifungu kikisema mvua "zilichelewa lakini zikafidia", chambo kitasema "mvua zilichelewa mwaka ule", na jibu litakuwa kwamba mwishowe maji yalitosha. Ukiona chaguo linafanana mno na kifungu, lishuku.

Usijibu pia kwa unachokijua wewe. Nilikutana na kifungu cha nyuki, na mzee wangu alikuwa na mizinga, kwa hiyo nilijibu kama mfugaji. Majibu yangu yalikuwa kweli tupu, na mawili hayakuwa kwenye kifungu. Swali linauliza mwandishi amesema nini. Mambo ya mzee wako na nyuki wake yaache mlangoni.

Jinsi ninavyofanya mazoezi sasa haina maajabu. Nina daftari, na siandiki neno na tafsiri yake. Naandika sentensi nzima nilipolikuta, halafu chini yake naiandika upya bila kutumia neno lile. Nikishindwa kuiandika upya, sijalielewa, hata kama kamusi nimeifungua mara nne. Nalirudia kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, huku mkono umefunika mstari wa chini. Maneno sita au saba kwa siku yanatosha kwa mtu anayefanya kazi. Ukitaka orodha, kuna Academic Word List aliyoitengeneza Averil Coxhead na kuitoa mwaka 2000: familia 570 za maneno yanayojirudia kwenye maandishi ya kitaaluma ya fani zote, na kwenye maandishi hayo hubeba karibu neno moja kati ya kila kumi. Hayatishi kwa sura, "issue", "assume", "derive". Ndiyo hayo yanayojifanya rafiki.

Kusoma, nasoma makala moja kwa siku, na kila mwisho wa aya najiuliza aya hii imefanya kazi gani: imedai, imetoa mfano, imepinga, au imekubali kwa shingo upande? Viungo kama "although", "yet" na "nevertheless" navipigia mstari, maana hapo ndipo gari linapokata kona. Maktaba ya mji itakupa kadi bure, na maswali ya mfano ya ACCUPLACER College Board wenyewe wameyaweka mtandaoni bure. Usimlipe mtu.

Kabla ya kuweka miadi, uliza mambo mawili, na uyaulize kwa maandishi ili ujibiwe kwa maandishi. Kwanza, je, vyeti vyangu vya sekondari vinaweza kuniepusha na mtihani? Vyuo vingi siku hizi vinaangalia matokeo ya sekondari. California wana sheria ya mwaka 2017, AB 705, iliyovisukuma vyuo vyao vya jamii huko. Mimi cheti changu kilikuwa kwenye begi chini ya kitanda, sikuuliza, na mshauri wa masomo hakusema. Pili, naruhusiwa kurudia mtihani mara ngapi, na baada ya siku ngapi? Kila chuo kina utaratibu wake. Changu kiliruhusu kurudia kabla muhula haujaanza. Hilo nililisoma kwenye tovuti yao nikiwa tayari nimekaa kwenye darasa la maendeleo.

Mdogo wangu amefika hivi karibuni na ana miadi Jumanne asubuhi. Jana kaniambia Jumatatu ana zamu ya usiku, lakini nisijali, wamemwambia huwezi kufeli. Nimemwambia afungue barua pepe tuisome wote, mstari kwa mstari, na palepale tumesogeza miadi mbele wiki tatu. Chuoni kwake kusogeza ni bure, unabofya tu.