Piga muziki kwa mawimbi ya ubongo, anza hivi

Wazee, hii kitu inawezekana kabisa nyumbani na sio lazima uwe daktari. Unahitaji mkanda wa kichwani unaosoma umeme wa ubongo, mi napendekeza Muse 2 maana una sensa mbili kwenye paji la uso na mbili nyuma ya masikio, alafu app ya Mind Monitor kwenye simu ya kupokea mawimbi toka kwenye mkanda, na programu ya Pure Data ya kutengeneza sauti kwenye kompyuta, hiyo ya mwisho ni bure.

Futa jasho na mafuta usoni, lowanisha kidogo pale sensa zinapogusa, sogeza nywele. Simu na kompyuta ziwe wifi moja, kwenye app weka IP ya kompyuta (anwani yake kwenye mtandao), washa OSC (njia ya kutuma namba kwenda programu za muziki), basi namba zinaanza kumiminika.

Sasa usikurupuke kutumia mawimbi yote!! Anza na alfa tu, yale ya 8 mpaka 12 kwa sekunde, kwasababu ukifumba macho ukatulia yanapanda na ukifumbua yanashuka, yaani una kitu unachoweza kukiongoza kweli. Mtunzi wa muziki Alvin Lucier kule Marekani mwaka 1965 alitumia hayohayo alfa kutikisa ngoma jukwaani. We yaunganishe na sauti ya kinanda, alfa ikipanda sauti ya kinanda iongezeke, na chukua wastani wa sekunde mbili hivi la sivyo sauti itarukaruka vibaya.

Ukikaza taya au kupepesa macho namba zinaruka sana, huo ni umeme wa misuli na macho sio ubongo. Wengine wanauchuja, mi naona utumie kupigia ngoma, pepesa moja dum moja, inanoga sana.