Amplifaya ndogo za mono za Klasi D: mita kwanza, masikio baadaye

Wakuu, somo hili ni la wanaosikiliza muziki sebuleni, si la wapiga kigodoro. Ninayo Fosi Audio V3 Mono jozi moja (mono maana yake kila kiboksi husukuma spika moja tu), na rafiki kaniazima mono aliyoiunda mwenyewe kwa moduli ya Hypex NC400 ya Uholanzi. Nilitaka kujua ipi inaimba vizuri zaidi.

Kwanza tuelewane: D si kifupi cha dijitali. Transista zake huwaka na kuzima mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kukaa nusu wazi muda wote, kisha koili na kapasita husafisha kinachotoka. Ndiyo maana kiboksi kinachoshikika kwa kiganja kinasukuma spika kubwa bila kuungua.

Hatua ya 1. Soma adapta, achana na boksi. Chipu ya V3 Mono ni TPA3255 ya Texas Instruments, ambayo kwa mono hutajwa kwa wati karibu 600. Hizo ni za spika ya omu 2, sauti ikiwa imeshachafuka kwa asilimia 10. Adapta yangu ni ya volti 48, ampea 5. Zidisha: wati 240, na hakuna muujiza utakaozidisha hapo. Kwa spika ya omu 8 kikomo ni 48 × 48 ÷ 16 (hiyo 16 ni omu 8 mara mbili), yaani wati 144. Kwa nyumba ya kupanga, hizo tayari ni kesi kwa mwenye nyumba.

Hatua ya 2. Tumia spika moja tu. Huu ndio utamu wa mono. Spika mbili zinakupa upana unaokusahaulisha kusikiliza. Moja haina pa kujificha.

Hatua ya 3. Sawazisha sauti. Hapa ndipo wengi tunapotapeliwa na masikio yetu. Iliyo juu kidogo tu huonekana ina besi nzito na sauti safi zaidi. V3 Mono ina swichi ya ukuzaji, desibeli 25 au 31. Mara ya kwanza niliiacha kwenye 31, nikaanza kuitangaza kwa kila aliyepita sebuleni. Aibu yangu.

Fanya hivi: weka swichi kwenye 25 (DAC, yaani kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali kuwa mawimbi ya umeme, ikiwa ya volti 2 inatosha kabisa kuifikisha mwisho), piga mlio wa Hz 400, weka multimita kwenye volti za AC, gusisha ncha zake kwenye vituo vya spika, spika ikiwa imeungwa. Rekebisha hadi isome volti 2.00. Amplifaya ya pili isome kati ya 1.98 na 2.02. Kitufe cha DAC yangu huruka kwa nusu desibeli, ambayo ni kubwa mno, kwa hiyo nilirekebisha kwenye programu ya kompyuta.

Hatua ya 4. Usione. Mwingine arushe sarafu kuchagua amplifaya, azime zote, ahamishe waya, awashe, nawe utaje ni ipi inayopiga. Usithubutu kuunga amplifaya mbili kwenye spika moja kwa pamoja. Rudia mara 10. Ukipatia 9, kweli unasikia tofauti. Mimi nilipatia 6, nikanyamaza.

MASWALI

*Mkuu, nina Aiyima A07 ya stereo, chipu ni hiyo hiyo. Kuna haja ya mono mbili?*

Chipu moja, lakini A07 ya kwanza hairekebishi sauti baada ya ile koili ya kutokea, kwa hiyo sauti nyembamba hubadilika kulingana na spika uliyonayo. V3 Mono na Hypex hujirekebisha baada ya koili. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiheshimu kuliko wati. Ila kama spika zako ni za kawaida, dada/kaka, pesa hiyo weka kwenye spika.

*Naweza kuunganisha waya nyeusi za mono mbili ili nichukue sauti ya sabufa?*

Hapana! Kwenye TPA3255 nyeusi si ethi. Vituo vyote viwili vina umeme. Ukiziunga umepiga shoti. Sabufa ichukue kwa waya ya RCA (ile ya pini) kutoka kwenye DAC au priampu (kifaa cha kabla ya amplifaya).

*Nibadilishe op-amp (vichipu vidogo vya kukuza sauti inayoingia) za NE5532 kwenye V3 Mono? Naona zimewekwa kwenye soketi.*

Soketi zipo, badilisha ukipenda. Lakini rudia hatua ya 3 na ya 4 kabla hujatuletea sifa.

*Kwetu umeme unapanda na kushuka kila jioni, adapta itapona?*

Angalia maandishi yake. Ikiwa imeandikwa 100–240V, kushuka haiisumbui sana; kinachoua ni umeme kurudi kwa kishindo. Weka friji gadi yenye kuchelewesha dakika chache. Yangu imekaa hapo tangu friji ilipohamia jikoni.