Kupanga Safari ya Kupiga Mbizi Karibi Bila Kudanganywa na Picha

Wengi wanaoniuliza habari za Karibi ni Waswahili wenzangu walioko Marekani na Kanada. Wachache wako Nairobi na Dar. Karibu wote huanza na swali lilelile: kisiwa gani kizuri? Hilo ni swali la mwisho. Kabla yake kuna cheti cha mbizi ulichonacho, mwezi unaopata likizo na pasipoti iliyo mfukoni. Ukishavijua vitatu hivyo, visiwa vinavyobaki vya kuchagua ni vichache sana.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kutafuta nini

Nikuambie ukweli ambao wauza safari hawatakuambia. Kama unaishi Afrika Mashariki na unachotaka ni wingi wa samaki na matumbawe ya kila namna, baki nyumbani. Karibi nzima haina hata aina 100 za matumbawe magumu, wakati Bahari ya Hindi na Pasifiki zina mamia. Papa potwe unaye Mafia, na kuta za matumbawe unazo Pemba. Nauli ya kuvuka Atlantiki ingekuweka huko siku nyingi.

Tena miamba ya Karibi imeumia. Mwaka 1983 walianza kufa kwa wingi nungu weusi wa baharini, wale wenye miiba mirefu ambao ndio walikuwa wakila mwani unaosonga matumbawe. Mwaka 2014 ukaonekana karibu na Miami ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe na kuacha mfupa mtupu, nao umeenea kisiwa hadi kisiwa; kisiwani Bonaire ulifika 2023, mwaka uleule ambao joto la bahari lilipausha matumbawe eneo zima. Kwa hiyo picha unazoziona kwenye matangazo, uliza zilipigwa lini.

Sasa kwa nini watu bado wanakwenda, na mimi bado ninawapeleka? Maji ni meupe, kuta zinaanza karibu na ufuo, na kuna sifongo kubwa kama mapipa. Halafu kuna jambo ambalo mtu wa pwani atalithamini kuliko mtalii yeyote: bahari ile haipwi kama yetu. Unguja wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka takriban mita 4, na ratiba nzima ya mbizi hufuata maji. Karibi, sehemu nyingi, tofauti haifiki hata nusu mita. Unaingia saa unayotaka, hata usiku baada ya chakula. Kwa anayeishi Minneapolis au Toronto, hiyo ni bahari ya joto iliyo karibu ya kumfundisha mbizi vizuri.

Hatua ya 2: Chagua mwezi kabla ya kisiwa

Msimu wa vimbunga ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Usijipe moyo kwamba mwanzo wa msimu ni salama: Beryl ilipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, tarehe 1 Julai 2024. Wala mwisho wa Oktoba si salama. Melissa iliingia Jamaica tarehe 28 Oktoba 2025 ikiwa kimbunga cha daraja la 5. Ukiona hoteli ya Septemba imeshuka bei ghafla, hiyo ndiyo sababu.

Likizo yako ikiangukia miezi hiyo na huwezi kuibadilisha, tazama kusini kabisa: Aruba, Bonaire na Curaçao ziko karibu na Venezuela, nje ya njia ya kawaida ya vimbunga. Kawaida, si daima. Lenny ya Novemba 1999 ilitembea kinyumenyume, kutoka magharibi kwenda mashariki, na mawimbi yake yakaharibu upande wa magharibi wa Bonaire ambao ndio wenye mbizi.

Mimi nikiachiwa kuchagua, kwa Cozumel, kisiwa cha Mexico, nachukua Aprili au Mei. Desemba hadi Februari upepo wa kaskazini hushuka na kapteni wa bandari akaifunga. Unakaa hotelini ukitazama bahari uliyoilipia. Kuhusu magugu ya kahawia yanayoelea, sagasamu, ambayo tangu 2011 hufika kwa wingi majira ya kuchipua na ya joto: hayo huumiza zaidi fukwe za mashariki. Mbizi nyingi ziko magharibi, kwa hiyo wewe hutajali sana, ila mwenzio asiyepiga mbizi atakaa kwenye ufuo unaonuka.

Hatua ya 3: Pasipoti na njia ya ndege

Hapa ndipo Mswahili hukwama, na miongozo ya Wazungu haigusi kabisa. Ndege nyingi za Karibi hupitia Miami, Houston au Atlanta. Marekani haina utaratibu wa kupita uwanjani bila kuingia nchini: hata kama unabadilisha ndege tu, mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo anahitaji viza. Usinunue tiketi ya bei rahisi kabla ya kuangalia inapopita.

Kutoka Nairobi, njia inayokwepa Marekani ni Amsterdam: KLM inatoka Nairobi kwenda huko, na kutoka huko inakwenda Bonaire. Mwenye pasipoti ya Kongo (DRC) ajue kwamba nchi za Schengen humtaka viza hata ya kupita uwanjani. Bonaire ni sehemu ya Uholanzi lakini haimo ndani ya Schengen, kwa hiyo masharti yake ya viza yasome peke yake kwenye tovuti ya serikali ya Uholanzi.

Mexico ina unafuu: ukiwa na viza hai au ukaazi wa kudumu wa Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen, huhitaji viza yao ya utalii. Na kadi ya njano usiiache. Visiwa vingi huidai kwa anayetoka nchi yenye homa ya manjano, Kenya ikiwemo.

Hatua ya 4: Sasa kisiwa, kwa kiwango chako

Bonaire ndicho ninachompa mtu mwenye cheti na mwenzake wa kupiga naye. Unakodi gari la pikapu, unapakia mitungi nyuma, unafuata barabara ya pwani. Kila eneo la mbizi lina jiwe la manjano lililoandikwa jina, na yako zaidi ya 50. Unaegesha, unavaa, unatembea majini. Vaa viatu vyenye soli ngumu, maana ufuo wake ni vipande vya matumbawe, si mchanga. Gari liache tupu na vioo wazi. Wezi wanajua kwamba mwenyewe yuko chini ya maji kwa saa nzima. Mgeni mtu mzima hulipa kodi ya kuingia ya dola 75, na mpiga mbizi huongeza dola 40 za hifadhi ya bahari. Lazima pia ufanye mbizi ya utambulisho na kituo kabla ya kwenda peke yenu. Huko ndiko iliko Hilma Hooker, meli iliyokamatwa na shehena ya bangi kisha ikazama 1984. Imelala ubavu kwenye kina cha kama mita 30, kwa hiyo cheti cha mita 18 hakikufikishi chini yake.

Cozumel ni mkondo. Boti inakushusha, maji yanakubeba kando ya ukuta, boti inakufuata juu. Anayejua kukaa sawa majini hustarehe. Asiyejua hupanda na kushuka na hewa ikamwishia kabla ya wenzake. Nunua boya lako la ishara, usitegemee la kiongozi.

Utila, Honduras, ni ya mwenye bajeti ndogo anayetaka kozi. Cayman ni safi na yenye utaratibu, ila mkoba wako utalia.

Great Blue Hole ya Belize, lile shimo kubwa la duara baharini, kwa mtu mwenye mbizi chache, simshauri. Ni saa mbili au zaidi za boti kwenda na nyingine kurudi, unashuka hadi mita 40 ambao ndio mpaka wa mbizi za burudani, unakaa dakika chache ukitazama mawe yaning'iniayo gizani, kisha unapanda. Samaki ni wachache. Kinachopendeza siku ile ni kisiwa cha Half Moon Caye, mnakopiga mbizi baadaye. Mtu wa ndege ndogo huiona Blue Hole vizuri kuliko mpiga mbizi.

Hatua ya 5: Mwili, cheti na bima

Pakua fomu ya afya mapema. Ukijibu "ndiyo" mahali kama pumu au shinikizo la damu, kituo kitataka sahihi ya daktari, na kuitafuta sahihi hiyo kisiwani ni kupoteza siku. Kama huna cheti, soma nadharia na ufanye bwawa mjini kwako, kisha umalizie mbizi nne za baharini kule. Kama ni zaidi ya mwaka hujaingia majini, fanya marudio.

Bima za kawaida za safari nyingi huacha nje kupiga mbizi au huweka kikomo cha kina. Soma sehemu ya yasiyolipwa kwanza. Matibabu ya viputo vya naitrojeni kwenye chemba ya mgandamizo, pamoja na ndege ya kukufikisha, yanaweza kukufilisi. Wengi wetu hutumia bima ya DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi.

Hatua ya 6: Andikia kituo kabla ya kulipa

Ujumbe wenyewe ni mfupi: kiongozi mmoja huchukua watu wangapi? Oksijeni ya dharura iko ndani ya boti au ofisini? Bei imejumuisha mitungi, vyuma vya uzito na ada ya hifadhi? Hali ya hewa ikifunga bahari, mnarudisha fedha au mnasogeza siku? Anayejibu swali la oksijeni kwa mzaha, achana naye.

Hatua ya 7: Siku ya kwanza, pima uzito

Usikubali vyuma vya kukadiriwa kwa macho. Ingia pasipo na kina ukiwa na suti yako (milimita 3 inatosha kwa maji ya nyuzi 26 hadi 29), toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida uishikilie, usipige miguu. Maji yakifika usawa wa macho, umepata. Ukitoa pumzi uanze kuzama polepole. Kama mtungi bado umejaa, ongeza kilo 2, kwa sababu ukikaribia kuisha utakuwa mwepesi. Mtu aliyebeba vyuma vya ziada ndiye anayeburuza mapezi juu ya matumbawe siku nzima.

Na ukimwona kiongozi akimchoma kwa mkuki yule samaki mwenye mapezi ya miiba ya sumu (lionfish), usimkemee. Kwetu ni mwenyeji, kule ni mvamizi anayemaliza watoto wa samaki wengine.

Hatua ya 8: Siku ya mwisho ibaki kavu

Baada ya siku kadhaa za mbizi, DAN inashauri kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mimi huwapa watu wangu 24 ili ratiba isibane. Ndege ikiwa saa nne asubuhi, mbizi ya mwisho ni asubuhi ya jana yake, basi. Suuza vifaa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uvianike kivulini mchana huohuo, maana suti iliyolowa huongeza kilo kadhaa kwenye begi, nao kaunta hawaulizi kama ni maji.