Kununua simu iliyotumika bila kutoa noti: kwa wenye vibanda Kisumu

Kenya haina sheria inayomzuia mwenye kibanda cha Kibuye au Kondele kununua simu iliyotumika kwa pesa taslimu. Kwingine ipo. Louisiana, Marekani, ilitunga yake mwaka wa 2011. Uingereza na Wales, mnunuzi wa vyuma chakavu haruhusiwi kutoa noti tangu Desemba 2012. Hulipa kwa hundi au kupitia benki, na lazima ahakikishe jina na makazi ya anayemuuzia. Zote zinambana mfanyabiashara anayenunua, kwa kuwa noti haionyeshi ilipewa nani.

Huku kwetu kuna kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu. Ukipokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa, kifungo kinaweza kufika miaka 14. Ndiyo maana inafaa ujiwekee marufuku hiyo mwenyewe, hata kwa simu ya elfu tatu.

Kabla ya kupatana bei. Omba kitambulisho chenyewe, si picha yake. Bonyeza *#06# na ulinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, tarakimu 15, na ile ya kwenye kartoni. Kukosa kartoni si kosa, wengi huitupa. Namba zisizolingana ndizo za kukataa. Kisha muuzaji aondoe akaunti yake ya Google mwenyewe, mbele yako, na simu ifutwe yote kupitia mipangilio. Anayetaka kuifuta kwa vitufe vya pembeni huenda hajui nenosiri, na ikiwaka itadai akaunti ya mwenyewe. Ikishafutwa, iunganishe na intaneti usubiri kidogo. Simu za mkopo ambazo hazijamalizwa kulipiwa hujifunga tena hapo.

Malipo. Tuma kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake. M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji. Lisome ukiwa umeshika kitambulisho mkononi. Mambo huharibika hapa zaidi. "Boss, tuma kwa hii ingine, yangu iko na Fuliza." Mara nyingi ni kweli: akiwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, pesa ikiingia tu inakatwa. Lakini ukituma kwa rafiki yake, rekodi itaonyesha ulinunua kwa rafiki. Mpe njia nyingine, laini ya mtandao tofauti au akaunti ya benki, mradi jina liwe lile lile. Akikosa zote, mwache aende na simu yake.

Wala usikubali nusu noti, nusu M-Pesa. Simu ya 12,000 ikionekana imelipiwa 4,000, bei hiyo ya kutupa ndiyo itakayosomwa kuwa sababu ya kushuku.

Daftari. Mstari mmoja kwa kila simu: tarehe na saa, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu ya muuzaji, aina ya simu, IMEI zote mbili kama ni ya laini mbili, bei, na namba ya muamala wa M-Pesa, ile ya herufi na tarakimu 10. Aweke sahihi hapo hapo. Usitegemee SMS, kwani hufutika. Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya M-Pesa kupitia *334#, uihifadhi. Na daftari lenye vitambulisho vya watu halikai wazi kaunta. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata wewe wa kibanda.

Polisi wakija. Usiifiche simu. Onyesha mstari wake, wape nakala ya ukurasa, uombe namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi. Simu itachukuliwa kama kielelezo, na ikithibitika iliibwa itarudi kwa mwenyewe. Pesa yako utaidai kwa aliyekuuzia, na jina lake, kitambulisho chake na laini yake vyote viko daftarini.