Ripita Ikinyamaza: Anza Chini Kabla ya Kupanda Mlingoti

Kila masika hunipigia simu mtu akaniambia dupleksa ya ripita yao imekufa. Ripita ni ile redio ya mlingotini inayopokea ishara zetu za redio na kuzituma upya zifike mbali; dupleksa ni kichujio kinachoiwezesha kupokea na kutuma kwa antena moja. Mara nyingi dupleksa haina kosa. Hapa Mombasa muuaji ni chumvi, nayo hupenda viungio: konekta, nati za antena, waya wa athi. Kwa hiyo tunaanza na vitu vya bei rahisi.

Hatua ya 1: Sikiliza ukiwa nyumbani

Bonyeza redio ya mkono, kisha achia. Ukisikia mkia, ile sekunde moja au mbili ripita inayobaki hewani baada yako, ujue inapokea na inatuma. Ikiwa wewe wa karibu inakujibu na mwenzako wa Changamwe hasikiki kama zamani, shuku upande wa kupokea. Kimya kabisa? Shuku stima. Hakikisha pia toni (mlio wa chini redio yako inaotuma ili ripita ifunguke) na masafa yako: ripita inayotuma kwenye megahezi 145.600 kwa kawaida husikiliza 145.000, yaani kilohezi 600 chini. Tuliwahi kubeba ngazi watu watatu, kumbe mmoja wetu alikuwa amefuta toni kwenye redio yake.

Hatua ya 2: Stima na betri

Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika saa kadhaa bila chaja, husoma kama 12.7. Usifurahi bado, hata betri mbovu husoma hivyo. Zima chaja, fanya ripita itume, upime tena. Ikiporomoka chini ya 12 papo hapo, imechoka. Pima kwenye vichwa vya betri, halafu nyuma ya redio. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna waya mwembamba au kiungio kilicholiwa.

Hatua ya 3: Mita ya wati na mzigo bandia

Hapa ndipo wengi hukimbilia kubahatisha, nami nawaomba msiwe na haraka. Weka mita kati ya dupleksa na waya wa antena. Ikienda wati 25 na kurudi nusu wati, sawa. Zikirudi mbili na nusu, yaani asilimia 10, kuna jambo huko juu.

Lakini mita inaweza kukuonyesha uzuri na ripita bado ni kiziwi. Fikiria: wati 25 kwenye waya wa omu 50 ni kama volti 35, na wakati uleule mpokeaji, yaani ile sehemu ya ripita inayosikiliza, anatafuta ishara ya mikrovolti 0.2 kwenye antena hiyohiyo. Kutu kidogo tu kwenye nati huzalisha kelele inayomzibia masikio. Kwa hiyo mwambie mwenzako aliye mbali atume ishara dhaifu, inayosikika kwa shida. Zima kutuma kwa ripita, sikiliza kwenye mpokeaji. Washa kutuma. Ishara ikizama, chomoa waya wa antena kwenye dupleksa, weka mahali pake mzigo bandia (kipingamizi cha omu 50 kinachomeza nguvu bila kuirusha hewani), na mwenzako sasa atume kutoka karibu kwa nguvu ndogo, mpaka isikike kwa shida vilevile. Ikiwa sasa haizami ukiwasha kutuma, ubaya uko kwenye antena au waya wake. Ikizama bado, tafuta ndani ya kabati: dupleksa, au vile vipande vifupi vya waya. Vipande hivyo viwe vya suka (nyuzi zilizofumwa kuuzunguka waya wa ndani) mbili za shaba, kama RG-214. Waya wenye karatasi ya alumini chini ya suka, hata uwe wa bei kali, huleta mikwaruzo kwenye kazi ya ripita.

Hatua ya 4: Viungio vya nje

Fungua konekta. Suka ikiwa nyeusi, kata waya mpaka ufike shaba inayong'aa. Ukikata mita nzima hujaifikia, badilisha waya wote. Funga kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianzia chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji kama makuti ya paa, kisha tepu ya plastiki juu yake. Kabla waya haujaingia chumbani, uachie kitanzi kinachoning'inia maji yadondokee hapo.

Na kunguru! Kunguru wa mji huu hujenga viota kwa vipande vya waya. Toa kiota, angalia kama kuna chuma kilichogusa antena.

Hatua ya 5: Dupleksa, mwisho kabisa

Bila chombo cha kupimia usiguse skrubu zake. Mimi niliwahi kuzizungusha siku nzima kwa bisibisi na imani. Kosa lilikuwa tone la maji kwenye konekta, na dupleksa nikawa nimeiharibu mwenyewe.

Namba zote ziandike daftarini siku ripita ikiwa nzima, kisha uzipime upya kabla ya masika na kusi likiisha.

Maswali ya wanachama

*Likoni:* Mwalimu, yetu inakwaruza alasiri tu, usiku iko sawa.

Ndugu yangu, hilo ni jua. Chuma kikipata moto hutanuka, na kiungio kilicholegea huachana. Rudia jaribio la mzigo bandia saa nane mchana, si asubuhi kukiwa baridi.

*Kisauni:* Kuna nyakati ripita inafunguka yenyewe, twasikia watu tusiowajua. Imeharibika?

La, kaka. Hewa ya joto ikilala juu ya hewa baridi baharini, mawimbi ya VHF, haya ya ripita yetu, husafiri mbali kupita kawaida. Wekeni toni kwenye kupokea, kama hezi 88.5, wageni wasiifungue.

*Mtwapa:* Shikamoo mwalimu. Badala ya tepu, naweza kupaka silikoni ya mafundi wa vioo?

Marahaba, mwanangu. Inuse kwanza. Ikinuka siki, irudishe dukani, asidi hiyo hula shaba.